Kabla hujaandika tena "soma Rodney"

Mjadala wa umaskini ukianza hapa, dakika tano haziishi kabla mtu hajaandika "soma Rodney". Mwingine anamjibu: mkoloni alienda kitambo, wacheni visingizio. Sidhani wote wawili wamekifungua kitabu.

Walter Rodney alizaliwa Georgetown, Guyana, 1942, babake akiwa fundi wa kushona nguo. Akiwa na miaka 24 alikuwa tayari daktari wa historia kutoka London. Akaja kufundisha Dar es Salaam, na akiwa huko akaandika kile kitabu cha 1972 kuhusu jinsi Ulaya ilivyoirudisha Afrika nyuma. (Ndiyo, kile ambacho kiko kwenye simu ya kila mtu na hakuna aliyekimaliza.)

Hoja yake si kwamba wazungu ni watu wabaya. Yeye alifuata mali. Reli inatoka shambani na mgodini kwenda bandarini. Mkulima analima asichokula, anauza kwa bei asiyoipanga, faida inajenga viwanda kwingine. Hapa kwetu Waafrika walizuiwa miaka mingi kulima kahawa, na walowezi wakapata vibarua wa bei ya chini. Kwa Rodney, utajiri wa kule na umaskini wa huku ni hadithi moja.

Sasa sehemu inayorukwa, na iko mwanzoni kabisa mwa kitabu. Analaumu mfumo, halafu analaumu pia Waafrika wanaoutumikia kama mawakala, na anasema kazi ya kuung'oa ni yetu wenyewe. Kwa hivyo yule anayemlaani mkoloni jukwaani asubuhi na kutia sahihi mkataba mbovu jioni, Rodney hayuko upande wake.

Hilo lilimgharimu. 1968 Jamaica, nchi huru, ilimfungia mlango asirudi chuoni, kwa kuwa alikuwa akienda mitaani kufundisha maskini na Marasta. 1974 akarudi kwao Guyana kuchukua kazi ya uprofesa, serikali ikaizuia. Siasa ya huko ilikuwa wenye asili ya Afrika huku, wenye asili ya India kule. (Unasikia harufu ya nyumbani?) Rodney, mtu mweusi, akawaita wafanyakazi wa pande zote mbili waikabili serikali iliyoongozwa na weusi wenzake.

Tarehe 13 Juni 1980 bomu lililofichwa kwenye redio ya mkononi lilimuua ndani ya gari. Alikuwa na miaka 38. Tume ya uchunguzi ilisema 2016 kwamba dola ilihusika. Siku anauawa, Guyana ilikuwa imejitawala miaka 14.