Wewe ulibonyeza "Nakubali". Shangazi yako je?

Nikiwa bado chuo hapa Kakamega, nilikopa 500 kwa programu ya simu. Nikachelewa kulipa siku tatu tu. Shangazi yangu, mama mboga, akapigiwa na mtu hamjui: "Ambia huyo mtoto wako alipe!" Aki nilitamani ardhi inimeze.

Namba yake walitoa wapi? Kwa simu yangu. Nilibonyeza "Nakubali" bila kusoma.

Hii stori haikuanza na mimi. M-Shwari ilikuja 2012, Wakenya wakazoea kukopa kwa simu. Baadaye programu za mikopo zikaota kama uyoga, nyingi bila msimamizi. Sheria ya Ulinzi wa Data ikapita Novemba 2019. Desemba 2021, sheria ikaipa Benki Kuu nguvu ya kuwapa leseni wakopeshaji hao. Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Data ikapiga Mulla Pride, wenye KeCredit na Faircash, faini ya karibu shilingi milioni 3. Kosa? Kutumia majina na namba walizopata kwa watu wengine kutuma vitisho.

Sasa shika hapo. "Nakubali" yangu ni yangu peke yangu. Shangazi hakukopa, hakubonyeza chochote. Hakuna mkataba unanipa haki ya kumkubalia.

Kwa hivyo programu ikiomba kusoma namba zako zote, ikatalie.

Deni nililipa. Lakini mpaka leo, shangazi akiona namba ngeni, hashiki simu.