Mlima Ambao Mimi Siruhusiwi Kupanda

Hebu fikiria ploti ya orofa tano. Haina ngazi, haina lifti. Kuna kamba ya ngozi tu inaning'inia kando ya ukuta, na mtawa mmoja juu anakungoja. Hivyo ndivyo watu huingia Debre Damo, nyumba ya watawa huko Tigray, kaskazini mwa Ethiopia. Unapanda mwamba wa kama mita 15, ukifika juu unapata uwanja tambarare kama meza.

Mimi singepanda, na si uoga. Mimi ni dem, na huko wanawake hawaruhusiwi. Hata mbuzi jike haruhusiwi! Enyewe iliniuma, nikataka kufunga hiyo stori hapo. Lakini tangu niache chuo nasoma kile ninachotaka, so nikaendelea.

Watawa wanasema mahali hapa palianzishwa na Abuna Aregawi, karne ya 6. Alipandaje kama hakukuwa na kamba? Wao husimulia kwamba nyoka mkubwa alimbeba hadi juu. Amini usiamini, kanisa lipo, na ni kati ya makanisa ya zamani zaidi Ethiopia ambayo bado yanatumika.

Sasa angalia ukuta wake. Safu ya mawe, boriti ya mbao, mawe tena, mbao tena. Vipande vifupi vya mbao vinapita katikati ya ukuta na ncha zake zinatokeza nje. Huitwa vichwa vya nyani. Si urembo tu, vinafunga ukuta wote pamoja. Na ile minara mikubwa ya mawe kule Aksum, iliyosimamishwa hata kabla ya kanisa hili, imechongwa vichwa hivyohivyo. Kumaanisha Waafrika hawa walikuwa na mtindo wao wa kujenga kitambo. Ndani, dari ina mbao zilizochongwa wanyama. Maji ni ya mvua, yanahifadhiwa kwenye matangi yaliyochimbwa kwenye mwamba wenyewe.

Halafu nikafika mwaka wa 1541. Ethiopia ilikuwa vitani na jeshi la Ahmad Gragn. Mfalme Lebna Dengel alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Wanajeshi Wareno walipokuja kusaidia, walimkuta mjane wake, Malkia Seble Wongel, amejificha wapi? Debre Damo. Mwanamke! Kumbe vita vikizidi, kamba inaweza kushushiwa mtu yeyote.

Ndio maana vita vya Tigray viliniuma hivi. Mapema 2021, ripoti zilisema Debre Damo ilipigwa mizinga, nyumba za watawa zikaharibiwa na vitu vikaporwa. Mlima uliokuwa kimbilio haukuwa salama tena.

Mimi si wa kuwafundisha watawa dini yao. Mtu akitaka kuomba mbali na kelele, sawa, muache. Lakini wakiniambia sheria hiyo haijawahi kupinda, nitawakumbusha malkia wao. Na kabla tubishane nani aruhusiwe kupanda, wacha kwanza tukubaliane kitu kimoja: bunduki ndiyo isiwahi kupanda tena.

Wewe je, ungeshika hiyo kamba?