Paa la Kioo na Kivuli cha Mtende

Ingia kwenye kitalu nyumba kilichozibwa nailoni pande zote, Dodoma, saa saba mchana mwezi wa Oktoba, utazame maua ya nyanya. Kikonyo kimegeuka njano kwenye kifundo. Ukikigusa, ua linadondoka bila kufunga tunda. Joto likipita nyuzi 35 chavua huharibika, na mwenye bustani hubaki na miche mirefu, mizuri, isiyozaa.

Nyumba ya namna hiyo ina asili ya nchi za baridi. Palm House ya bustani za Kew, London, iliyokamilika mwaka 1848, ilijengwa kwa chuma na vioo na kupashwa joto kwa mabomba ya maji moto, ili mimea ya tropiki iishi kwenye nchi ya theluji. Joto lisitoroke: ndiyo ilikuwa kazi yake.

Wengi huamini kwamba kioo chenyewe ndicho kinachonasa joto. Mwaka 1909 mwanafizikia Mmarekani Robert Wood alifunika kisanduku kimoja kwa kioo na kingine kwa bamba la chumvi ya mawe, ambalo huruhusu mnururisho wa joto kupita. Vyote viwili vikapata joto karibu sawa. Udongo na majani hupokea jua, hupasha hewa, na hewa hiyo haina pa kutokea. Kwa hiyo anayenunua kitalu nyumba akague kwanza madirisha na matundu yake.

Waomani walikabiliana na jua lao kwa njia tofauti kabisa. Katika bustani zinazonyweshwa na falaji, mifereji ya kale ambayo mitano kati yake iliingizwa na UNESCO kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, mitende husimama juu, ndimu na miembe chini yake, majani ya mifugo na mboga chini kabisa. Kila tabaka huishi kwa kivuli cha lililo juu yake. Wagogo wa Dodoma nao, katika nyumba zao za tembe, waliweka udongo juu ya paa bapa: joto la mchana huchelewa kupenya, na usiku wa Juni, upepo ukivuma, ndani kuna vuguvugu.

Kwa bustani ya nyumbani Dodoma, mimi naegemea upande wa Oman. Mchicha, figiri na sukuma wiki hazihitaji nailoni. Neti ya kivuli juu ya nguzo inatosha. Ukitaka nyanya au hoho, chagua nyumba ndefu kwenda juu, yenye mwanya wa hewa kileleni na kuta za neti ya matundu madogo, maana kantangaze, mdudu anayeharibu nyanya, akishaingia hatoki kirahisi. Neti hiyo hupunguza upepo, kwa hiyo ubavu mrefu uelekee mashariki, upepo unakotoka mara nyingi. Wakulima wa Almería, Hispania, hupaka paa chokaa majira ya joto. Hapa pia inafaa.

Halafu maji. Dodoma hupata mvua ya milimita 550 hivi kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Paa la mita 6 kwa 10 hupokea lita 33,000, zinazoweza kujaza tangi la lita 5,000 zaidi ya mara sita. Mwenye fedha kidogo namshauri aanze na tangi, mipira ya matone na neti ya kivuli, bati la nyumba yake likusanye mvua, nailoni isubiri mwaka mwingine.