Prix Si Bei

Sokoni Baraka, muuza ndakala huulizwa bei kwa Kiswahili, na kwa Kifaransa huulizwa prix. Ni kitu kimoja: pesa utakayotoa. Sasa mtoto wa shule anasikia kwamba mwandishi wa Kongo amepewa prix littéraire, naye anamuuliza baba: wamemnunua kwa ngapi? Mtoto hajakosea. Kifaransa kimelaza maana mbili, bei na heshima ya kazi nzuri, kitanda kimoja, na sisi tumeichukua ndoa hiyo bila kuuliza.

V. Y. Mudimbe, mzaliwa wa Likasi, alitunukiwa mwaka 1975 kwa riwaya yake Entre les eaux, na tena mwaka 1989 kwa kitabu cha kitaalamu, The Invention of Africa. Tukisema "alipata prix mbili", msikilizaji wa hapa kwetu Fizi asiyesoma Kifaransa tunamwachia nini mkononi?

Wengi hukimbilia zawadi. Ni neno zuri, na mzizi wake wa Kiarabu unahusu chakula cha njiani, masurufu ya msafiri. Hata leo anayeshuka mtumbwini akitoka Kigoma huulizwa: zawadi yetu iko wapi? Lakini zawadi hupewa hata mtoto aliyelala siku nzima. Haisemi kwamba mpokeaji alifanya kazi.

Matabisi je? Hayo ni ya muuzaji anayekuongezea kidogo juu ya kipimo, au ya mpagazi aliyekubebea mzigo vizuri. Neno lilitoka kwa Wareno, likazoea midomo yetu. Lina ukarimu, lakini halina heshima. Miaka saba ya kuandika haimalizwi kwa matabisi.

Limebaki tuzo, na hapa nakaa kidogo, kwa sababu hapa pana utajiri. Limetoka kwenye kutuza, ambako wengine husema kutunza. Mchezaji akicheza vizuri ngomani, watu huinuka na kumtunza: fedha, kitambaa, chochote. Kutunza huko huko ndiko kumtunza mgonjwa, kutunza shamba, kutunza siri. Lugha yetu imekataa kutenganisha kumsifu mtu na kumlinda! Kwa hiyo anayetoa tuzo amejifunga: kitabu alichokisifu akitunze, kichapwe, kifike, kisomwe. Tuzo ambayo kitabu chake hakionekani hata kwenye shule moja ya Fizi imetimiza nusu ya jina lake.

Aliyeipata tunamwita mshindi. Sipendi. Mshindi anahitaji aliyeshindwa, na fasihi si mpira. Napendekeza mtuzwa. Hata hivyo sitamfukuza mshindi moja kwa moja, maana jioni tunaulizana "mmeshinda je?", na mwandishi kweli ndiye aliyeshinda na maneno yake tangu asubuhi.

Tuzo nyingine hutolewa kwa waandishi na wataalamu pamoja, kwa hiyo neno hili la pili nalo tulitazame. Mtaalamu, kwa mzizi wake wa Kiarabu, ni mtu anayejifunza. Tulifanya vizuri kulipokea neno hilo. Tulishike na maana yake ya kwanza.

Na wale wanaosoma kazi zote na kuamua? Juri, wanasema wa mjini. Jaji, wanasema wa Dodoma na Nairobi. Yote mawili yananuka mahakama. Mimi nasema wachambuzi. Kila mama wa Baraka amechambua maharage: ungo mapajani, vidole vikitoa mawe, jicho likitafuta yaliyotobolewa. Anayatazama moja moja. Mwandishi anastahili kutazamwa hivyo.

Hata jina la tuzo lenyewe husema kitu. Mwaka 2014 ilianzishwa tuzo ya kazi za Kiswahili, Mabati-Cornell, baadaye ikaitwa Safal-Cornell. Bati ni kitu cha kuezekea, nami nalipenda jina lile la kwanza: lugha ilipata paa. Safal kwa Kihindi ni mwenye kufanikiwa, na ndani yake limo neno tunda. Kutoka paa hadi tunda, si haba.

Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa la Kongo, lakini wanaokitolea tuzo mara nyingi wako ng'ambo ya ziwa. Ndugu msomaji wa Fizi, wazee wetu wa Kibembe walimtunza vipi msimuliaji aliyekesha nao kwenye moto? Yawezekana kitendo hicho kina jina. Kaulize nyumbani wiki hii, uliandike, ulilete tulitie kwenye Kiswahili.