Daktari wa Kaunta

Mchimbaji aliyetoka duarani Nyarugusu akitetemeka kwa homa hakuuliza daktari yuko wapi. Aliuliza duka la dawa liko wapi. Kwenye machimbo ya Geita na Kahama miaka ya 1990, rashi ikihamia kilima kingine, muuza dawa naye alihama; zahanati ilibaki ilipojengwa.

Kisheria duka lile lilikuwa la "dawa baridi": aspirini, dawa za kikohozi, klorokwini. Antibayotiki marufuku. Lakini nani hakujua zipo chini ya kaunta? Tena zilipimwa kwa mfuko wa mteja: una hela ya vidonge vinne, haya, chukua vinne. Mfamasia mwenye shahada, anayejua dawa ipi haipatani na ipi, alikuwa mjini huko.

Mwaka 2003, kuanzia Ruvuma, serikali ikaukubali ukweli: muuzaji akafundishwa, duka likaitwa Duka la Dawa Muhimu, likaruhusiwa baadhi ya antibayotiki. Mwaka 2007 likaja jaribio jingine. Dawa mseto ya malaria ilipelekwa kwa ruzuku kwenye maduka ya dawa baridi ya Kongwa na ya Maswa, wakati huo mkoa wa Shinyanga. Ndani ya mwaka mmoja, wanunuzi wa dawa za malaria waliochukua mseto walipanda kutoka 1% hadi 44%.

Safi. Ila, msomaji, duka likiwa mbali na mji wa wilaya, mseto uliadimika. Na ruzuku inashusha bei tu. Nani amwambie mteja amalize vidonge vyote 24 kwa siku tatu, hata homa ikishuka siku ya pili? Ni yule yule wa kaunta.