Kigari chini ya mathenge: historia ya kompyuta ndani ya Starlet

Leo tuweke kando seva na hifadhidata, tuzungumzie kompyuta ya aina nyingine: ile iliyofichwa nyuma ya dashibodi ya gari. Tukisema "gari la kompyuta" wengi hufikiria magari ya juzi juzi. Ukweli ni kwamba kompyuta ziliingia kwenye magari kabla wengi wenu hamjazaliwa, na hapa kwetu Garissa kuna magari ya miaka ya 1990 yanayooza vichakani kwa sababu hakuna aliyejua namna ya kuongea na hizo kompyuta zake.

Mfano ninao nyumbani. Ni Toyota Starlet Glanza V ya mwaka 1996, mali ya baba yangu mdogo, ambaye kwa lugha yetu namwita adeer. Ilikaa chini ya mti wa mathenge tangu 2011. Panya walijenga humo na mipira ya milango ikapasuka kwa jua. Nimeifufua mwenyewe, likizo baada ya likizo. Lakini kabla hatujafungua boneti, tujue kwanza gari hili ni la ukoo gani.

Ukoo wa vigari vikali

Kuna aina ya magari madogo ya familia, mlango wa nyuma unafunguka kwenda juu, unaweka mbuzi au magunia, na bado yana injini ya kukimbizana na magari ya bei mara mbili. Wazungu walijaribu wazo hili mapema miaka ya 1970, lakini lililolipa jina ni Volkswagen Golf GTI. Ilioneshwa Frankfurt mwaka 1975 na kuanza kuuzwa 1976. Wakubwa wa Volkswagen walipanga kutengeneza 5,000 tu. Ya kizazi cha kwanza peke yake ikaishia kuuzwa zaidi ya 450,000. Mwaka 1984 Peugeot wakajibu kwa 205 GTI, na Wajapani hawakukaa kimya.

Huku kwetu Kenya vigari hivi vina historia ambayo watu wameisahau. Kila mtu anakumbuka Safari Rally ya 1993 kwa sababu Toyota Celica zilichukua nafasi nne za kwanza, Juha Kankkunen akiongoza na Ian Duncan wetu akiwa wa tatu. Sasa angalia nafasi ya tano, ya sita na ya saba: zote zilikwenda kwa Daihatsu Charade. Injini yake ilikuwa ya silinda tatu, haifiki hata lita moja (sentimita za ujazo 993), ikisaidiwa na turbo. Magari makubwa yaliharibika njiani, hivyo vidogo vikafika. Mtu akikuambia kigari hakiwezi barabara za Afrika, mkumbushe hiyo.

Glanza V ni ndugu wa Charade hiyo kwa tabia. Injini yake inaitwa 4E-FTE, ina silinda nne, sentimita za ujazo 1,331 na turbo, na ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 135 kwenye gari lisilofika tani moja. Ilitengenezwa kwa soko la Japani kuanzia 1996 hadi 1999, kisha Vitz ikachukua nafasi ya Starlet.

Ilifikaje Garissa?

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, gari jipya Kenya lilikuwa kwa kiasi kikubwa ni lile lililounganishwa hapa hapa, Thika, Nairobi au Mombasa. Ndiyo sababu wazee wetu wanajua Peugeot 504 na Land Rover kama wanavyojua ngamia wao. Biashara ilipofunguliwa, magari yaliyotumika Japani yakaanza kumiminika bandarini Mombasa. Baadaye ikawekwa kanuni kwamba gari linaloingia lisizidi miaka minane. Kwa hesabu hiyo, Starlet ya 1996 ilikuwa na nafasi ya kuingia hadi karibu 2004. Adeer aliagiza yake 2003.

Watu walimcheka. Kaskazini Mashariki ni nchi ya Land Cruiser. Ukitoka Garissa kidogo tu kuelekea Wajir au Dadaab wakati huo, lami iliisha na mchanga ukaanza. Lakini adeer alikuwa akifanya biashara kati ya Garissa na Eastleigh, kilomita 370 hivi za lami kupitia Mwingi na Thika, na kwa njia hiyo Starlet ilikuwa chaguo la akili. Mafuta kidogo, na ukikutana na pikapu ya miraa mlimani huhitaji kuiachia njia.

Tatizo halikuwa barabara. Lilikuwa ndani ya petroli.

Risasi kwenye tangi

Hapa ndipo historia inapouma. Gari hili liliundwa kwa petroli isiyo na madini ya risasi. Kwenye bomba la moshi lina sensa ya oksijeni, ambayo hunusa moshi na kuiambia kompyuta kama mafuta yamezidi au yamepungua. Risasi huganda juu ya sensa hiyo kama masizi kwenye kioo cha taa, ikaacha kunusa. Vivyo hivyo kichujio cha moshi kilichoko mbele yake.

Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar, Juni 2001, kuachana na petroli ya risasi ifikapo mwisho wa 2005, na Kenya ilitimiza. (Algeria ndiyo iliyomalizia dunia nzima, Julai 2021, na tangazo likatolewa na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa lenye makao yake Gigiri, Nairobi.) Lakini magari yaliyoingia kabla ya hapo, kama la adeer, yalikunywa sumu hiyo miaka miwili mitatu. Taa ya injini ikawaka kwenye dashibodi. Mafundi wakaona taa, hawakujua inasema nini, wakahitimisha: kompyuta imekufa.

Dawa iliyokuwa ikitolewa kila mahali ni moja. Ng'oa kompyuta, ng'oa injekta, weka kabureta. Fundi mmoja hapa mjini alimpa adeer bei ya kazi hiyo. Adeer alikataa, akaendelea kuliendesha likiwa goigoi, na 2011 lilipogoma kabisa akalisukuma chini ya mathenge.

Kompyuta yenyewe

Simlaumu fundi. Kabureta unaiona kwa macho: hewa inapita, inafyonza mafuta, basi. Kompyuta ni sanduku la bati lenye waya nyingi, na hakuna aliyempa kitabu.

Lakini wazo lake ni la zamani. Kampuni ya Marekani iitwayo Bendix ilijaribu kupuliza mafuta kwa umeme tangu 1957, na vifaa vya wakati huo havikustahimili. Bosch wa Ujerumani wakalichukua wazo, na 1967 wakaliweka kwenye Volkswagen 1600 kwa jina la D-Jetronic, hasa kwa sababu California ilianza kubana moshi wa magari. Humo hamkuwa na prosesa. Zilikuwa transista zikipima shinikizo la hewa inayoingia na kuamua injekta ifunguke muda gani. Cha kuchekesha ni kwamba Golf GTI ya kwanza haikuwa na kompyuta ya mafuta kabisa. Mfumo wake ulikuwa wa vyuma na shinikizo la mafuta tu. Mwaka 1979 Bosch na BMW wakaleta Motronic, iliyounganisha mafuta na cheche kwenye kompyuta moja ya kidijitali, na Toyota wakaja na mfumo wao mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Kwa sisi waandika programu, kazi ya sanduku hili inaeleweka haraka. Ni jedwali. Upande mmoja kasi ya injini, upande wa pili shinikizo la hewa, na kwenye kila chumba kuna namba inayosema injekta ifunguliwe kwa milisekunde ngapi. Kisha namba hiyo inarekebishwa kwa joto la maji, joto la hewa na sensa ya oksijeni. Kitanzi kinazunguka mfululizo hadi uzime gari. Hakuna uchawi.

Ukiniuliza kwa nini sikununua tu kile kidude cha bluetooth cha kuchomeka garini na kusoma makosa kwenye simu: soketi yake ilikuwa lazima kwa magari ya Marekani kuanzia 1996 na Ulaya kuanzia 2001. Gari la Japani la 1996 halikubanwa na sheria hizo. Toyota walikuwa na njia yao, na njia hiyo inahitaji kipande cha waya.

Taa inayozungumza

Chini ya boneti kuna kisanduku kidogo cha plastiki chenye maandishi DIAGNOSIS. Fungua kifuniko, utaona ramani ya matundu. Unganisha tundu la TE1 na la E1 kwa waya, washa swichi bila kupiga stata, kisha tazama ile taa ya injini. Ikimeta haraka bila kukoma, hakuna kosa. Ikimeta mara mbili, ikapumzika, ikameta mara mbili tena, hiyo ni 22. Ni mawasiliano ya mfululizo kwa kutumia balbu moja.

Betri ilikuwa imekaa nje miaka mingi, kwa hiyo kumbukumbu ya makosa ya zamani ilikuwa imefutika. Hiyo ilikuwa bahati. Chochote kitakachoandikwa sasa ni cha leo. Lakini kwanza niliifungua kompyuta yenyewe, maana kapasita za miaka hiyo hukauka au kuvuja, na kanuni ya mafundi wa elektroniki inasema kila joto likipanda nyuzi 10 umri wa kapasita hupungua nusu. Fikiria gari lililofungwa vioo chini ya jua la Garissa kwa miaka kumi. Tatu zilikuwa zimevuja, miguu yake imeota kutu ya kijani. Nilibadilisha kwa zile zinazovumilia nyuzi 105. Gharama yake haikufika shilingi 500.

Kisha nikaweka betri na waya. Taa ikasema 22, halafu 31.

22 ni sensa ya joto la maji. Ikikatika, kompyuta hujifanya maji yana nyuzi 80 ili gari lisife njiani, ambayo ni busara nzuri ya programu. Sensa nzima inatakiwa kuwa na ukinzani wa kilo-omu 2 hadi 3 kwenye nyuzi 20, na omu 200 hadi 400 kwenye nyuzi 80. Yangu ilikuwa imekatika kabisa. Mpya ilitoka Kirinyaga Road kwa basi la usiku, nikaipima ndani ya sufuria. Hiyo nyuzi 20 ilibidi niombe maji ya friji, maana Garissa hakuna maji ya bomba ya baridi hiyo.

31 ni sensa ya shinikizo la hewa, yaani upande mmoja mzima wa lile jedwali. Sensa ilikuwa nzima. Panya ndio walikula waya wake. Nikaunga, nikafunika. Baada ya kusafisha tangi na kuweka pampu, plagi na mipira mipya ya mafuta, injini iliwaka. Siku ya tatu ya kuendesha ikatokea 21, sensa ya oksijeni. Huo ndio urithi wa risasi ya 2003, umesubiri wakati wote huo kujieleza.

Bei ya kilo

Gari hili nusura lisiwepo. Mwisho wa 2021 adeer alikuwa amekubaliana na mnunuzi wa vyuma chakavu, bei kwa kilo. Januari 2022 serikali ikasimamisha biashara ya vyuma chakavu nchi nzima kwa sababu ya wizi wa vyuma vya nguzo za umeme, na mnunuzi hakurudi. Katika miezi hiyo ndipo nilipomwomba adeer aniachie.

"Adeer," akaniambia, maana kwetu neno hilo linakwenda pande zote mbili, "walisema kompyuta yake imekufa."

"Haijafa. Hakuna aliyeiuliza."

Sasa analiendesha mwenyewe hadi msikitini na sokoni. Anasema turbo inamtia aibu mbele ya wazee wenzake, lakini haiachi.

Nikipiga hesabu, waya, kapasita na sensa mbili zilikuwa nafuu kuliko ile kazi ya kuweka kabureta. Kilichokosekana miaka yote ni kurasa chache: jedwali la namba na maana zake, kwa lugha ambayo fundi wa Garissa anasoma. Kwa hiyo yaandike haya ukutani mwa gereji: 12 ni mawimbi ya kasi ya injini, 21 oksijeni, 22 joto la maji, 24 joto la hewa, 31 shinikizo la hewa, 41 mkao wa vali ya hewa (throttle), 52 sensa ya kugonga kwa injini. Ukiwa na Toyota ya miaka hiyo na mtu anataka kuing'oa kompyuta, mwombe kwanza dakika tano na kipande cha waya.