Posa ya Mwenye Ufunguo

Mwanamke yuko kizimbani, anashtakiwa kwa kumlisha sumu mwanamume aliyekuwa akiishi naye. Akipatikana na hatia atanyongwa. Mpelelezi amekaa miongoni mwa watazamaji, anamwangalia, anaamini moyoni kwamba hakuua. Kabla hajapata hata ushahidi mmoja wa kumwokoa, anamfuata gerezani na kumposa.

Ndivyo unavyoanza mkasa wa Harriet Vane na Lord Peter Wimsey katika Strong Poison, riwaya ya Dorothy L. Sayers ya mwaka 1930. BBC iliipeleka kwenye televisheni mwaka 1987, Harriet Walter akiwa mshukiwa na Edward Petherbridge akiwa mpelelezi. Msomaji aliyekulia na Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, kiko mdomoni na Najum ubavuni, amezoea mpelelezi anayeingia nyumba za watu, akafumbua fumbo, akatoka kama alivyoingia. Posa hii lazima imshtue. Na ni vizuri ashtuke, kwa kuwa mapenzi ya namna hii yana kasoro ambayo tamthilia nyingi huipita kwa haraka: mmoja wa wapendanao ndiye mwenye ufunguo wa pingu. "Ndiyo" ya aliyefungwa ina uzito gani?

India ilikuwa na njia yake ya kulikwepa swali hilo. Byomkesh Bakshi, aliyebuniwa na mwandishi wa Kibengali Sharadindu Bandyopadhyay, alifika kwenye runinga ya taifa, Doordarshan, mwaka 1993 katika mfululizo ulioongozwa na Basu Chatterjee. Byomkesh halipendi jina la mpelelezi. Hujiita mtafuta ukweli, na neno analolitumia lina mzizi wa satya, yaani kweli. Mke wake anampata ndani ya kesi. Tajiri mmoja mwenye tabia ya kubadilisha wosia wake kila mara ameuawa, na mashaka yanamwangukia Sukumar, kaka yake Satyavati. Jina la binti huyo nalo limebeba satya ileile. Hapa shingo iliyo hatarini ni ya kaka, kwa hiyo binti anabaki na nafasi ya kupenda bila kitanzi kuning'inia juu ya kichwa chake. Nakipenda kisa hiki, hasa kwa kuwa ndoa yao inaendelea katika visa vinavyofuata na mtoto anazaliwa. Hata hivyo deni la fadhila lipo pale pale, limehamishiwa kwa ndugu tu, na hadithi hailigusi.

Mwaka huohuo wa 1993, Marekani, Luteni Columbo naye alijaribiwa. Kwa miaka 25 alikuwa akimtaja mke wake ambaye watazamaji hawajawahi kumwona. Kisha Peter Falk, mwigizaji wake, akaandika mwenyewe kisa cha "It's All in the Game" na kumkabidhi Faye Dunaway nafasi ya mshukiwa, kazi iliyompatia tuzo ya Emmy. Mwanamke anamvuta kachero kwa upole ili amchanganye, na kachero anakubali kuvutwa ili amkaribie. Kila tabasamu ni mtego, lakini kadiri wanavyozungumza mtego wenyewe unaanza kuwa na joto. Mwishowe Columbo anakubali kumwacha binti wa mwanamke huyo aende zake, ili mama akiri. Hiyo ni huruma kubwa kutoka kwa askari, na bado ni biashara: aliyekuwa na ufunguo ameutumia.

Narudi kwa Sayers, kwa sababu yeye hakulikimbia deni. Wimsey anamwokoa Harriet kweli. Majaji raia wanashindwa kukubaliana, kesi inapangwa kusikilizwa upya, na katika muda huo mfupi anagundua kwamba muuaji alikula chakula kilekile chenye aseniki, mwili wake ukiwa umezoezwa sumu hiyo kidogo kidogo. Harriet anatoka huru. Tamthilia dhaifu ingemtupa kifuani mwa mwokozi wake palepale. Sayers anamfanya akatae, tena kwa miaka. Kabla ya kesi Harriet alikuwa amemwacha mwanamume aliyemkalisha kinyumba kwanza kama wa majaribio, halafu akamtunukia ndoa kama zawadi. Sasa anadaiwa uhai na mtu mwingine, na anajua kwamba shukrani ikilala kitanda kimoja na mapenzi itayasonga. Walter anaigiza jambo hilo vizuri sana: ukali wa Harriet kwa Wimsey ni ukali wa mtu asiyeweza kulipa.

Jibu linakuja katika Gaudy Night, riwaya ya 1935 ambayo mfululizo wa BBC uliishia nayo. Wako Oxford, wote wawili wamevaa majoho ya wasomi. Wimsey anaposa kwa Kilatini, na sarufi ndiyo inayobeba uzito wote. Lugha hiyo ina kipashio cha swali linalotarajia "ndiyo", kama sisi tunavyosema "sivyo?", ina kingine cha swali linalotarajia "hapana". Ina na cha tatu kisichoegemea upande wowote, ambacho kwetu kingekuwa "je" tupu. Wimsey anachagua hicho cha tatu, kisha ananyamaza na kungoja.